Pua ya Ukoo Wetu

6 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umeketi, na kwamba mumeo, Fundi Redio, anakumbuka kukuwekea mto upande wa kulia kama nilivyomwonyesha siku ya kuondoka. Huku sisi ni wazima. Mwenye nyumba wangu amepaka ukuta wa ua rangi ya kijani ya hospitali, hata nikirudi jioni kutoka kazini nahisi sijatoka. Baba amenipigia simu mara mbili kuniuliza hali yako, na mara zote mbili amemaliza kwa kunieleza hali ya mgongo wake.

Nimesikia kupitia Fundi kwamba simu huitaki tena, kwa kuwa ulimi ni mzito na watu wanakumalizia sentensi. Nina hoja kadhaa za kulipinga hilo, lakini wewe ndiye mgonjwa. Tutaandikiana.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Una miaka arobaini na mitatu. Shinikizo lako la damu ni zuri, sukari ni nzuri, mishipa ya shingo ni safi, mapigo ya moyo hayarukiruki. Hata hivyo, asubuhi ile ya Januari ulisimama kwenye meza yako ya kukatia nguo, mkasi ukakuponyoka, na mkono wa kulia ukakataa kuuokota. Picha ya kichwa imeonyesha mshipa wa ubongo ulizibwa na bonge dogo la damu. Madaktari wa huko wamekupa dawa na kuandika kwamba chanzo cha kiharusi hakijulikani. Neno hilo silikubali. Hulitumia watu waliochoka kutafuta.

Mabonge madogo ya damu huweza kuganda ndani ya mishipa ya miguu. Damu huyabeba hadi upande wa kulia wa moyo, kisha mapafuni, na huko hunaswa kwenye vimishipa vyembamba kama majani ya chai kwenye chujio. Ili bonge lifike kichwani, ni lazima lipate njia ya mkato. Nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya habari hii, na nina hakika: una tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo. Watu wengi huzaliwa nalo wasijue maisha yao yote.

Kipimo chake ndicho kazi yangu ya kila siku tangu nihitimu. Tunachukua maji ya chumvi na hewa kidogo sana, tunayasukuma huku na huku kati ya mabomba mawili ya sindano mpaka yajae viputo, kisha tunayapitisha kwenye mshipa wa mkono na kutazama moyo kwenye kioo cha mashine. Upande wa kulia hujaa viputo kama soda. Upande wa kushoto, kwa mtu asiye na njia ya mkato, hubaki mweusi. Nimemwandikia daktari wako nikamwagiza atafute tundu. Likipatikana litazibwa, na bonge lijalo litakosa pa kupita. Hilo lijalo ndilo linaloninyima raha, Shangazi. La kwanza lilichukua mkono tu.

Koti langu la kazini lisikusumbue. Najua umeshalikata na kulishona mkono mmoja. Nitavaa la kuazima.

Mwanao mtiifu, kwa kiasi.


27 Februari

Wakili, mwanangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinaegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Usinirudishie barua ikiwa na wino mwekundu, kama ulivyomfanyia baba yako kadi zake za mwaliko.

Tuko wazima. Fundi ndiye anayepika. Sitaki kulizungumzia.

Kipimo nimefanya. Dada mmoja mpole alinilaza ubavu, akanipaka mafuta ya baridi kifuani, akatikisa yale mabomba yake, akaniambia kaza tumbo kisha achia. Akatazama, akasema, "Hakuna tundu, mama. Moyo wako ni mzuri." Nilifurahi, ila nilikuonea huruma. Ulikuwa umelipenda sana tundu lile.

Kulitokea kioja. Nilipokaza tumbo pua ikaanza kutoka damu. Muuguzi akakimbilia pamba utadhani nimepigwa risasi. Nikacheka mpaka dada akaniomba nitulie. Nikawaambia, "Msihangaike, hii ni pua ya ukoo." Akaniuliza kama kwetu kuna ugonjwa wa kurithi. Nikamwambia hakuna, kwetu kuna ubishi tu, hata mpima moyo wetu tunamwita Wakili.

Jambo jingine. Nikilala napumua vizuri. Nikisimama mezani kidogo tu natweta kama niliyebebeshwa gunia. Ilianza zamani, kabla ya mkono. Fundi anasema hajawahi kuona uvivu unaochagua mkao. Mjibu wewe, mimi sina pumzi.

Shangazi yako.


9 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Fundi kwamba uchovu baada ya kiharusi ni jambo linalofahamika, na asikutanie. Ukilala unapumzika, ukisimama unachoka. Hapo sioni fumbo.

Majibu ya kipimo siyakubali. Yamkini hukukaza tumbo vya kutosha, na tundu dogo hufunguka pale tu mtu anapokaza na kuachia. Nimemwandikia tena daktari wako, safari hii kurasa mbili, arudie kulitafuta tundu.

Umenifurahisha kwa habari ya pua. Unakumbuka siku yangu ya kutetea tasnifu? Tone lilidondoka juu ya ukurasa wa hitimisho mbele ya wasahihishaji watatu, nami nikaliacha hapo hapo kama muhuri. Babu angejivuna. Mpaka leo sijakutana na mtu mwenye maelezo mazuri kuliko yake, kwamba damu ya puani kwetu ni akili iliyozidi chupa, na kwamba mtoto asiyetoka damu apelekwe akajifunze biashara. Baba yangu inamtoka, wewe inakutoka, mimi inanitoka. Ndiyo sababu chakula cha pamoja kwetu hakiishi bila ugomvi na leso.

Fanya kipimo, nakusihi.

Mwanao.


2 Aprili

Wakili,

Marahaba. Anayeandika leo ni Fundi, mimi nasema. Mkono wa kushoto umechoka kufanya kazi ya mwenzake. Mvua zimeanza, bati la jikoni linavuja, wateja wa sare za shule nimewarudishia vitambaa vyao.

Kipimo kile kile kwa ajili ya tundu lile lile, siendi. Nimeambiwa halipo. Ukitaka tundu, njoo utazame bati langu.

Shangazi yako.

Mimi Fundi naongeza hapa chini, yeye yuko uani. Hataki nikwambie. Jumanne iliyopita mdomo ulipinda tena na neno halikutoka. Kabla chai haijapoa ukanyooka. Hospitali wamembadilishia dawa tu. Mimi redio iliyokufa naifungua mpaka nione waya. Huyu nitamfungua wapi?


10 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo nisamehe salamu fupi. Fundi amenieleza habari za Jumanne, na usimgombeze.

Nilisoma barua yako kwenye benchi la nje ya chumba cha vipimo, na nilipofika maneno ya Fundi pua yangu ikaanza. Nikaikamata kwa vidole nikiwa nimeinama, kama tulivyofundishwa wote tangu utotoni, na katika kuinama huko nikajikuta namwuliza mgonjwa wa kufikirika maswali ninayowauliza wengine kila siku. Unatoka damu puani mara kwa mara? Ndiyo. Ndugu zako je? Wote. Unapumua vibaya ukisimama kuliko ukilala? Hapo nilisimama mimi, damu na yote, nikarudi chumbani kwangu kuitafuta barua yako ya Februari.

Ulinieleza kila kitu, nami nikakujibu kwa kichekesho cha Babu.

Upo ugonjwa wa kurithi ambao mishipa ya mgonjwa huungana vibaya. Mshipa unaopeleka damu na ule unaorudisha hukutana moja kwa moja, bila vile vimishipa vyembamba katikati. Puani, maungio hayo hupasuka kirahisi. Mapafuni ni mlango ulio wazi: chujio halipo, na bonge hupita moja kwa moja hadi kichwani. Mara nyingi milango hiyo huwa sehemu ya chini ya mapafu. Ukisimama, damu nyingi hushukia huko na kupita bila kuchukua hewa, ukilala, unafuu. Fundi alisema kweli bila kujua. Uvivu hauchagui mkao.

Sasa nisikilize kuhusu kipimo. Kama tundu liko moyoni, viputo huonekana upande wa kushoto ndani ya mapigo matatu ya kwanza. Kama mlango uko mapafuni, huchelewa, kwa sababu vina safari ya kwenda na kurudi. Dada yule aliyaona mapigo machache meusi akazima mashine. Nilikuwa nimeagiza litafutwe tundu, naye akatafuta tundu. Warudie, wasubiri, kioo kiachwe kinawaka. Nimeandika hivyo kwa daktari, na safari hii nusu ukurasa umetosha.

Na utazame ncha za vidole vyako. Vile vidoa vyekundu ambavyo siku zote unasema ni alama za sindano ya kushonea, vibonyeze kwa gilasi ya kioo. Vikififia kisha vikarudi, niambie.

Mwanao.


25 Aprili

Mwanangu Wakili,

Marahaba, na pole kwa pua. Tumekarabati bati. Fundi sasa anapika wali usioshikana, kwa hiyo nimemwachia jiko rasmi.

Vidoa vinafifia na kurudi. Lakini sikuhitaji gilasi. Uliponiuliza nikavihesabu kwa macho, nikaona viko mkono wa kulia pia. Mshonaji hujichoma mkono wa kushoto, ule unaoshika kitambaa. Mkono unaoshika sindano hauwezi kujichoma wenyewe. Miaka ishirini na mitano nimeshona, na sikuwahi kujiuliza.

Kipimo tumerudia. Dada yule yule, akaniomba radhi, nikamwambia radhi iombwe na anayetoa amri za mbali. Alipitisha viputo, tukatazama sote. Pigo la kwanza kweusi, la pili, la tatu. Akawa ameshafika kwenye kitufe, kisha akautoa mkono. Pigo la tano vikaingia, mwanangu, kama wageni waliochelewa sherehe, wengi, hawana hata aibu. Dada akasema polepole, "Kumbe ndivyo hivi." Nililia. Ilikuwa raha kuona kitu. Tangu Januari naogopa kisicho na sura.

Picha ya kompyuta ya kifua imeonyesha milango miwili, yote chini ya pafu la kulia. Wanataka kunileta kwenye hospitali yenu ikazibwe.

Nina swali moja. Kile kidoa chekundu kwenye mdomo wako wa chini, ambacho tumekuwa tukisema ni wino wa kalamu zako unazotafuna, kinafifia ukikibonyeza? Na wewe umepimwa lini?

Shangazi yako.


4 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujui furaha niliyoipata. Nimemsomea mkuu wa kitengo chetu ile sehemu ya wageni waliochelewa, akaiomba aisome mwenyewe.

Mipango iko hivi. Tarehe nane Juni utapokelewa wodini. Daktari bingwa ataingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, ataupandisha kupitia moyoni hadi kwenye pafu, na ndani ya kila mlango ataacha koili za waya laini zinazojikunja na kuziba njia. Hakuna kupasuliwa kifua. Utakuwa macho, labda umesinzia kidogo. Baadaye, kila utakapotaka kung'oa jino, utamweleza daktari wa meno kwanza ili akupe dawa ya kuzuia maambukizi. Leta shuka lako mwenyewe, ya hapa yanakwaruza. Leta viatu visivyo na kamba. Fundi atalala kwangu, nimepata godoro. Chakula cha wodini hakina chumvi, nitakuletea cha nje. Bingwa mwenyewe ni mtulivu, ana mikono midogo, na hapendi kuulizwa maswali, jambo ambalo tumeshaligombania.

Nakungoja.

Mwanao.


15 Mei

Wakili,

Marahaba.

Nilikuuliza swali moja. Umenijibu mengine yote, mpaka la shuka.

Tiketi iko ukutani, Fundi ameining'iniza kwenye msumari wa kalenda. Sipandi basi. Nitakuja siku nitakayopata majibu ya kipimo chako, yameandikwa na mtu mwingine, si wewe. Unajua hatari yangu kuliko mimi, na ndiyo maana nakuwekea sharti hili. Kumbembeleza mbishi kwetu hakujawahi kufaa kitu.

Nimekuwa nikimfikiria baba yangu. Alipoanguka kwenye meza ya chakula na kukaa kimya miaka yake yote ya mwisho, sisi watoto wake tulisema nini? Tulisema akili imejaa mno. Tulicheka, Wakili. Tulimfuta mdomo tukicheka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametufundisha kucheka. Ungemwona mtu wa namna hiyo kwenye benchi lako ungemfanyaje?

Sikukasirikii. Nakuogopea.

Shangazi.


22 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi iliyopigwa mhuri na kusainiwa na mwenzangu wa chumba cha pili, mtu asiyenipenda sana, kwa hiyo mwaminifu. Kabla hujaisoma, nisome mimi.

Kidoa kinafifia. Nilikibonyeza siku ile ile ya benchi, kabla hata sijakuandikia barua ya Aprili. Nikajua, nikakaa nalo. Niliogopa. Nimeliandika neno hilo mara moja na sitalirudia. Wengine waliingia chuoni kwa msaada wa walimu wao. Mimi niliingia nikiamini nimechaguliwa tangu puani. Kukubali kwamba lile lilikuwa ugonjwa ni kukubali kwamba sikuchaguliwa na yeyote. Nilisoma tu. Na ipo sababu ndogo zaidi: sikutaka kulala kwenye kitanda ambacho mimi ndiye huwaambia watu, "Usiogope, ni viputo tu."

Basi nimelala. Nawe ulikuwa sahihi, mafuta yale ni ya baridi mno. Tangu leo nitayapasha kwanza. Mwenzangu akaniambia kaza, nikakaza, pua ikamwaga damu juu ya shuka lake. Akasema, "Sasa wewe unaonyesha ufundi." Kisha viputo vikaja upande wa kulia, vyeupe, vimejaa, nami nikasahau kabisa kwamba nimewatazamia watu wengi jambo hilo hilo. Pigo la tatu sikupumua. La tano nilifumba macho. Alipofika la kumi alinigusa bega akasema nifumbue, kwa sababu hakuna ninachokikwepa. Kweusi, Shangazi. Kweusi kama ubao uliofutwa vizuri. Tulitazama mpaka viputo vikaisha, akarudia yote tangu mwanzo, na mara ya pili kweusi vile vile.

Ugonjwa ninao, pua ni shahidi, na nitapimwa tena baada ya miaka kadhaa. Lakini mapafu yangu hayana mlango. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi lile lile, nikanunua chungwa kwa muuzaji wa getini, nikalila lote bila kumbishia bei.

Panda basi.

Mwanao.


30 Juni

Mwanangu Wakili,

Marahaba, na asante kwa yote, pamoja na godoro. Fundi anasema lina shimo katikati ulilolichimba wewe kwa kusoma umelala.

Tumefika salama. Kidonda cha paja kimefunga. Kipimo cha hewa kwenye kidole, ambacho nikisimama kilikuwa kikishuka mpaka muuguzi anakitikisa akidhani kimeharibika, sasa hakishuki. Asubuhi ya Jumatatu nilisimama mezani nikakata sare za watoto wawili, nikapumzika, nikakata za watatu. Nilipogeuka nikamkuta Fundi mlangoni ananitazama. Nikamwuliza, "Umekosa redio?" Akasema, "Nasikiliza." Alikuwa anasikiliza pumzi zangu. Hazikuwepo za kusikiliza.

Jumapili niliwaita ndugu wote nikawaeleza, nikawaonyesha na ile picha ya pafu yenye koili. Kila mwenye pua ya ukoo ataenda kupimwa, na watoto wao pia. Baba yako alikataa katakata. Akasimama, leso mkononi, akasema, "Yaani mnataka kuniambia huu ni ugonjwa? Kama ni ugonjwa, basi akili zetu zimetoka wapi?" Nikamwambia, "Ndilo tatizo, kaka. Itabidi sasa tuanze kuzitafuta." Alicheka mpaka akahitaji ile leso. Ataenda Alhamisi. Ameuliza kama mafuta yanapashwa moto.

Koti lako nalituma pamoja na barua hii. Mkono wa pili nimeushona wiki hii, kwa mashine, kitambaa nikikisukuma kwa mkono wa kushoto na kukishikilia kwa wa kulia. Begani utaona mshono umepinda kidogo. Usimpelekee fundi mwingine aunyooshe, nitajua.

Mstari huu wa mwisho naandika kwa mkono wa kulia. Usiusahihishe.